Mama Alichagua Koleo

Harufu ya karafuu imeninyima pilau maisha yangu yote. Watu wananipikia kwa heshima, ni sikukuu, sahani inawekwa mbele yangu ikifuka moshi, nami naanza kutafuta visingizio: tumbo, presha, uzee. Wajukuu wangu wameshazoea kunipikia wali mweupe na hawaulizi tena. Ninyi nitawaambia, maana wao sijawahi kuwaambia.

Miaka ya hamsini tulikaa kwenye miteremko ya mlima juu ya mji wa Mbeya, tukilima viazi na pareto. Nilikuwa na miaka kama minane, mtoto pekee nyumbani. Baridi ya Juni ilikuwa kali, asubuhi majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na wanawake walijifunga mablanketi kutoka kifuani mpaka magotini hata wakiwa shambani. Ndipo gego la mama la chini lilipoanza kumsumbua.

Bibi, mama yake baba, alimtafunisha mizizi, akamwekea majivu ya tumbaku, akamkanda kwa majani ya moto. Shavu likavimba, mama akawa anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nilimwiga, tukacheka wote wawili, yeye akijishika taya. Karafuu tu ndizo zilizompa nafuu. Alizitafuna, akazishindilia kwenye tundu la jino, akalala nazo, na blanketi tulilojifunika likanuka karafuu hadi nikawa naziota.

Tulizinunua mjini kwa Bi Zuhura, mwanamke wa asili ya pwani aliyekuwa na duka dogo karibu na soko. Kwake ndiko mama alikouliza maswali yake. Nyumbani hakuuliza kitu. Siku za soko, tukishauza viazi, aliketi juu ya gunia tupu akamhoji Bi Zuhura habari za wang'oaji meno wa pale mjini. Walikuwa wawili. Kulikuwa na dresa, msaidizi wa daktari pale hospitali, aliyedunga kwanza sindano ya ganzi kwenye ufizi, kisha akang'oa kwa vyuma vilivyochemshwa. Na nyuma ya soko kulikuwa na fundi wa kufua majembe, aliyeng'oa kwa koleo lake bila dawa yoyote, mgonjwa akishikwa mabega na ndugu zake. Mama alitaka kujua yote: nani aling'olewa na nani, damu ilikatika lini, mtu anakaa au analala. Na kila tulipokwenda alimalizia na swali moja.

"Hii dawa ya sindano inakwenda mpaka wapi, Bi Zuhura? Inabaki kwa jino, ama inashuka tumboni?"

"Itashukaje tumboni, mwanangu, nawe hujaila?" Bi Zuhura alijibu, akicheka kidogo. "Nenda hospitali. Yule mwingine ni fundi wa majembe."

Mama hakucheka. Alifunga karafuu zake kwenye pindo la kanga, tukaanza kupanda mlima.

Usaha ulipoanza kutoka, baba hakungoja tena. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, asiyependa safari za mjini. Alishuka peke yake, akaonana na dresa, akapangiwa siku. Nakumbuka alivyorudi na furaha, akianza kusema kabla hajavua viatu.

"Mama Tumaini, atakudunga sindano, hutasikia kitu."

"Sindano sitaki," mama alisema. "Nipeleke kwa yule wa koleo."

Baba alimsihi, akamleta mchungaji, naye akasihi. Bibi alisema huo ni woga wa kitoto, kwamba mwanamke aliyekwisha kuzaa hawezi kutishwa na sindano. Mama aliinamisha kichwa, akakubali kuitwa mwoga. Mwishowe baba alishindwa. Alimpenda sana mkewe, na nasema hivyo waziwazi kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya.

Fundi alifanya kazi yake mchana, mimi nikiwa nimeachwa dukani kwa Bi Zuhura. Nilisikia ukelele mmoja tu. Jino lilivunjika, mzizi ukabaki ndani. Siku zilizofuata uvimbe ulishuka shingoni, mama akashindwa kumeza hata maji, kisha akaanza kukosa pumzi. Baba na majirani walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali, wakishuka mlima karibu kwa kukimbia. Alikata roho njiani, mahali ambapo mabati ya mji huanza kuonekana.

Wanawake waliomwosha walitoka ndani wakamwita bibi pembeni. Bibi akamwendea baba, aliyekuwa amekaa chini karibu na chanja za kuanikia pareto, akamwambia kwa Kisafwa, kwa sauti ndogo, kwamba tunazika wawili. Nilianza kutafuta jeneza la pili. Nilizunguka nyumba nzima nikilitafuta, na nilipolikosa nikaona wakubwa wamekosea.

Nilipokua nilielewa bibi alimaanisha nini. Nilijua pia kwamba baada yangu mama alikuwa amepoteza mimba mbili. Kwetu mimba haikutajwa mpaka ijionyeshe yenyewe, na bibi alikuwa amemlaumu kwamba zile ziliharibika kwa sababu alizitaja mapema. Safari hii hakumtajia hata mumewe. Lakini kuhusu jino niliendelea kuamini walichoamini wote, kwamba mama alikufa kwa kuogopa sindano. Nilikuwa na hasira naye miaka mingi.

Kisha nikaolewa Iringa, tukakaa mtaa wa Mlandege. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa changa, sijamwambia mtu, jino lilipoanza kuniuma. Daktari wa meno, kabla hajashika chombo chochote, aliniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeniuliza jina, iwapo nina mimba. Nikasema ndiyo. Halafu nikajikuta nauliza kama dawa ya sindano inashuka tumboni kwa mtoto.

"Sindano hii haimdhuru mtoto," alisema, akiiandaa. "Hatari ni jino bovu likiachwa."

Nililia palepale kitini, kwa sauti, bila kujizuia. Daktari akaiweka sindano kando, muuguzi akanishika mkono, wakanibembeleza nisiogope, itauma kidogo tu. Wote wawili walidhani naogopa sindano.