Kipandio cha Trekta ya Ciakuthii

Jumanne, 17 Machi 1987. Manyunyu tangu alfajiri. Goti lilimzuia mama Ciakuthii kupanda trekta yake ndogo, na wanawe walitaka iuzwe. Fundi wa kuchomelea vyuma, Nkubu, hakutoa futi ya kupimia. Alimtaka avae gambuti za shambani, na matope yake, ainue mguu kando ya trekta mpaka panapouma. Hapo akachora chaki. Vidole vinne chini ya alama akachomelea kipandio, akakichanja kwa msumeno kisiteleze, akakipapasa kwa kiganja.

"Panda, mama."

"Nikianguka, fundi, utanibeba mgongoni mpaka nyumbani."

"Na gambuti zako pia."

Akapanda bila kushikwa, akashuka, akapanda tena. Fundi akageuka, akatafuta koleo aliyokuwa ameishika.

Asubuhi iliyofuata fundi alizungukia shambani kwa mama, akamsimamisha mpita njia asiyemjua, akamwonyesha mama akilima kwa trekta. "Kile kipandio," akasema, "ni changu."