Jogoo Juu ya Pamba

Pamba ukiishika kiganjani haina uzito. Ukiipuliza, inakwenda. Ndiyo maana watu wengi kwetu walidhani lori la pamba linasimama upesi kuliko lori la mahindi, na ukiwabishia wanakucheka. Mimi niliendesha lori la kijiji miaka ile ya Ujamaa. Shule niliishia darasa la pili, lakini hilo nililijua kwa mguu. Magunia yakishindiliwa mpaka juu, unakanyaga breki hapa, lori linakwenda kusimama kule, kama ng'ombe mzee aliyeitwa na bado anafikiri.

Ng'ombe nitawarudia.

Wakati huo nilikuwa nimeposa. Baba wa binti alikubali, mama akakataa. "Simpi mwanangu mtu wa magurudumu," alisema. "Atakuwa mjane kabla ya palizi." Na kwetu mama mkwe huongei naye hovyo, humtazami usoni, wala yeye hakuiti. Sasa ningejiteteaje?

Asubuhi moja ya mavuno tunapakia pamba ya kwenda Bariadi, nikamwona mama huyo anakuja na jogoo kwapani. Anakwenda kwa dada yake Somanda, na gari jingine hakuna. Akae na mimi mbele? Haiwezekani. Akapanda juu ya magunia pamoja na pamba yetu, mimi nikageuza uso upande wa mbuga mpaka alipotulia.

Siku hiyo niliendesha kama nimebeba mayai. Jua lilikuwa changa. Nyuzi za pamba zilichomoka kwenye magunia zikaelea nyuma yetu, zikanasa kwenye miiba ya migunga. Msimu mzima tulikuwa tukipita pale, kwa hiyo barabara yote ilikuwa imechanua maua meupe wakati hakuna mvua. Mpaka leo nikisinzia mchana naiona. Injini inavuma, jogoo anawika huko juu mbinguni, na mimi naenda tu.

Kabla ya kilima kimoja kidogo nikasikia sauti dirishani, inatoka juu.

"Wewe jogoo, ungekuwa na akili ungemwambia mtu wa chini kwamba nyuma ya kilima kuna vumbi. Na vumbi hilo lina pembe."

Mimi mbele yangu naona barabara tupu. Lakini nikainua mguu, nikarudisha gia, nikaanza kuibonyeza breki kidogokidogo. Tukafika juu ya kilima polepole, na kweli, ng'ombe wamejaa njia nzima. Katikati yao mzee mmoja amesimama, fimbo juu, analiambia lori, "Hooo! Hooo!" kama anavyoliambia dume la plau.

Lori halikumsikia. Liliteremka, linapungua, linateremka, kimya kama mtu anayetembea ndotoni. Nikawa nayahisi magunia yananisukuma mgongoni. Halafu likasimama. Kati ya bampa na ng'ombe wa kwanza palibaki nafasi ya kutosha ndama kulala.

"Umesinzia?" mzee akafoka. "Nimekuambia hoo tangu kule!"

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu. "Lori halijui hoo."

"Na hiyo si pamba tu? Inakushindaje kusimamisha pamba?"

Kutoka juu nikasikia, "Jogoo, mwambie huyo mzee apande huku akalie pamba, ndipo ajue uzito wake. Mtu wa chini ameanza kusimama hata ng'ombe hajawaona."

Mzee akatazama juu, akatafuta jogoo anayesema, akaswaga ng'ombe wake.

Tulipofika Somanda mama akashuka na jogoo wake, nami nikatazama mbuga kama desturi. Sikujua amewaza nini. Dada yake alitarajia jogoo, lakini jirani aliniambia baadaye kwamba mama alikataa kumtoa, akasema jogoo yule ana kazi nyumbani.

Mavuno yalipokwisha niliitwa ukweni. Nikawekewa ugali na kuku mzima, kama mkwe anavyowekewa. Nikamuuliza shemeji yangu mdogo, huyu kuku ni yupi?

"Ni yule wa kwenye lori," akasema. "Mama amesema umle wewe, maana ulimsikiliza."

Nilimla taratibu.