Mgongo wa Hariri ya Bi Mwanamkisi

Shangazi yangu Bi Mwanamkisi ameshona kofia hapa Faza tangu kabla sijazaliwa. Mnunuzi asiyejua huitazama kofia juu. Ajuaye huipindua kwanza, aone ndani mshonaji amefanya nini. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna afisa mzima, mwenye shahada, ambaye hajalijua.

Sandukuni mwa shangazi mlikuwa na kitambaa cha hariri cha enzi za wafalme wa China, kimechorwa mtakatifu wa dini ya Budha ameketi juu ya ua. Sisi hatutundiki sura ya mtu nyumbani, malaika hawaingii. Kwa hiyo kila Shaabani mamake, Bibi Ruba, alikianika chumbani kipate upepo, uso ukielekea ukuta. Wote tulikijua kwa mgongo. Mchoraji alikuwa amepaka rangi nyeupe nyuma ya uso na mikono, weupe upenye nyuzi na kung'aa mbele kama ngozi.

Watu walimcheka Bibi Ruba: eti baharia alimuuzia picha ya dukani. Amekufa anaitwa mwongo, na shangazi hajawasamehe. Mwaka huu akasikia mtaalamu wa michoro ya hariri yuko Lamu. Mtaalamu huyo akakubali kuja Jumamosi, na akataka jambo moja tu, auone mgongo. Picha za dukani hazipakwi nyuma.

Jumatano akaja Bramwel, afisa wa utamaduni kutoka bara, kuazima kitambaa akipige picha. Shangazi alimwambia mbele yangu, "Usikibandike. Mgongo usiuguse." Akaitika, "Sawa, Bi."

Ijumaa alikirudisha kimegandishwa kwa gundi ya mbao juu ya ubao.

"Kilikuwa kimelegea sana, Bi," akasema, meno yote nje. "Nikaona nikipe nguvu. Huko nyuma kulikuwa tu kumechafuka rangi."

Kumechafuka! Nilitamani kumpiga kwa ubao uo huo. Mtu unaambiwa kwa Kiswahili chepesi, unaitika, kisha unakwenda kufanya lile lile ulilokatazwa, na unatarajia chai!

Shangazi hakupaza sauti. "Keti hapa tini, Bwana Bramwel. Shika ubao, usitikisike."

Akaleta maji ya vuguvugu na sindano yake ya kofia, akaanza kukibandua, upana wa kidole kwa kidole. Bramwel alipotaja mashua yake inayomngoja bandarini Mtangawanda, shangazi alimtazama tu, naye akaushika ubao vizuri zaidi. Hariri ilitoka nzima. Tukaigeuza.

Mgongo ulikuwa mtupu. Uso na mikono, weupe wote, vimebaki kwenye gundi. Shangazi alilia kwa hasira, na mimi nililia naye.

Jumamosi mtaalamu aliinamia ubao kwa muda mrefu. "Ni kazi ya kweli, ya kale," alisema. "Rangi hii ilipakwa kwa nyuma. Na hairudi tena."

"Basi mama hakusema urongo," shangazi akajibu.

Bramwel, aliyelala Faza kwa kukosa mashua, akaomba msamaha, akauliza afanye nini. Shangazi akamtia ubao mikononi.

"Utundike ofisini mwako, mbele ya meza. Uwe ukikutazama kila siku, maana wewe mato huna."