Aliyenisomea Taa Upande wa Pili

Kabla hujacheka, nisikilize mpaka mwisho. Mimi si mtu wa habari za majini na mizimu. Ni fundi wa kompyuta hapa Same mjini, mwaka wa tisa sasa, na kazi hii imenizoesha kutoamini kitu mpaka nimekipima. Hiki nilikipima. Tena kilinitokea mchana, saa saba, nimekula, sina homa, sijalala usingizi wowote.

Aliyeniita ni Mwalimu Nakijwa, mkuu wa shule moja ya sekondari kule milimani, mbele kidogo ya Myamba. Jina la shule nalificha, ingawa kwa hasira niliyonayo ningeweza kulipigia tarumbeta stendi nzima. Kompyuta ya mezani ya ofisini kwake ilikuwa imeungwa kwenye mtandao kwa waya, na mtandao ulikuwa unakwenda mwendo wa kobe. Usajili wa watahiniwa ulikuwa unafungwa jioni ileile. Programu ya usajili na picha za wanafunzi vilikuwa kwenye kompyuta hiyo tu, na zaidi ya nusu ya majina yalikuwa hayajaingia. Unajua maana yake? Mtoto amesoma miaka minne, halafu siku ya mtihani anaambiwa jina lako halipo.

Nilipofika, ukungu umeshika mashamba ya tangawizi pande zote, Mwalimu alinipokea kwa maneno haya: "Fundi, tuokoe. Yule tapeli aliyetuwekea waya ametuharibia kila kitu."

"Nani huyo?" nikauliza.

"Elisante, wa hapahapa kijijini. Fundi wa kubahatisha. Hata wazazi nimewaambia kikaoni, yule alitutapeli."

Sikupenda. Kwenye kazi zetu, mtu wa kwanza kulaumiwa ni yule asiyekuwepo. Lakini nikaanza kazi.

Kompyuta ilikuwa inasoma kasi ya kumi, wakati ilipaswa kusoma elfu moja. Nikaangalia mipangilio ya kadi ya mtandao, iko sawa. Nikaweka draiva mpya, ile programu inayoiendesha kadi, kumi ileile. Nikaiunga na kompyuta yangu ya mkononi kwa waya mfupi wa kwangu, ikaruka mpaka elfu. Kumbe kadi ni nzima. Tukaenda stoo, chumba cha tatu kutoka ofisini, ndiko iliko rauta inayoleta mtandao. Pale mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Basi ubaya uko kwenye waya, kati ya stoo na ofisi.

Kifaa changu cha kupimia waya kina vipande viwili. Kimoja unakichomeka huku, kingine kule, na taa nane zinawaka moja baada ya nyingine. Nikachomoa waya kwenye rauta, nikauchomeka kwenye kipande cha pili mle stoo. Wakati huohuo Mwalimu akapigiwa simu, anatakiwa ofisi ya kata. Akatoka mbio, na kwa kuwa stoo ina mitihani ya majaribio, akaifunga kwa kufuli, akaondoka na ufunguo. Nimebaki ofisini peke yangu, nusu ya kipimo changu imefungiwa ndani! Hata kama ningetaka kuibeba kompyuta niipeleke kwenye rauta, ningepita wapi?

Nilikuwa nimekaa pale nasonya nilipobishiwa hodi. Mwanamume, ovaroli ya bluu, penseli nyuma ya sikio, jino la mbele limemeguka kidogo.

"Pole na kazi, fundi," akasema. "Wanasemaje kuhusu waya?"

"Wanasema aliyeuweka ni tapeli."

Niamini, sijawahi kuona uso wa mtu ukiumia namna ile.

"Niliuvuta mimi," akasema. "Siku mbili nzima, na niliupima mbele yao. Unataka nikusomee taa upande wa pili?"

Sikufikiria kufuli. Nilifikiri ana ufunguo, kwani mafundi wangapi huachiwa funguo? Nikamwambia asante, kaka. Akaondoka, na baada ya muda mfupi nikasikia sauti yake kutoka stoo: "Washa!" Nikawasha.

"Moja. Mbili. Tatu inapepesa. Nne. Tano. Sita. Saba kimya. Nane kimya." Kisha akasema, "Angalia chini ya kabati la chuma. Mimi sikuliacha pale."

Nikatoa mafaili yote, nikalisukuma kabati kwa bega mpaka likasogea. Chini ya mguu wake, waya ulikuwa umebanwa, umekuwa bapa kama utepe. Wamehamisha kabati wenyewe, wameliweka juu ya waya, halafu tapeli ni fundi! Nilikata kipande kilichokufa, nikafunga vichwa vipya, nikaviunganisha.

"Soma tena!"

"Moja mpaka nane, zote zinawaka. Niurudishe kwenye rauta?"

"Rudisha!"

Nikachomeka waya kwenye kompyuta. Taa ya kijani. Elfu moja. Nikakaa palepale nikaanza kuingiza majina, na yalikuwa yanapita kama maji kwenye mfereji.

Nilipofika katikati nikaona aibu, sijamshukuru mtu. Nikatembea mpaka stoo. Mlango umefungwa. Kufuli liko nje, limening'inia kama Mwalimu alivyoliacha. Nikagonga, kimya. Nikazunguka nyuma, kuna kidirisha kimoja chenye nondo, hata paka asingepita.

Utaniuliza nilifanya nini. Nilirudi ofisini, nikaendelea kuingiza majina. Ningewaacha wale watoto?

Mwalimu alirudi saa kumi. Tukafungua stoo pamoja. Waya ulikuwa kwenye rauta, na kipande changu cha kipimo kimelazwa vizuri juu ya rafu. Badala ya shukrani, akanigeukia: "Umeingiaje humu wakati ufunguo ninao mimi?"

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye penseli na lile jino, akashika fremu ya mlango.

"Elisante tulimzika masika," akasema. "Pikipiki ilimwangusha kwenye mteremko."

Hapo hofu ikanitoka, hasira ikaingia. "Kwa hiyo ulijua amekufa, na bado ukasimama mbele ya wazazi ukamwita tapeli?"

"Walikuwa wananibana, dada. Ningesema nini?"

"Ungesema kabati! Kesho waite, uwaambie."

"Niwaambie mzimu ndio umetutengenezea mtandao?"

"Sijasema mzimu, Mwalimu. Nimesema kabati."

Hakuwaita. Mpaka leo. Alichofanya ni kueneza kwamba nimekuja na mambo ya ushirikina, na shule mbili za kule juu zimeacha kuniita. Hapa mjini nako, ukisimulia, wanakuambia ulikuwa na njaa. Njaa inachomeka waya kwenye rauta?

Wiki iliyofuata nilipanda tena, kwa nauli yangu, nikaenda kwa mama yake. Nilimkuta anaanika maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia waya wa mwanawe ulikuwa mzima, kosa lilikuwa la kabati, nimeliona kwa macho yangu. Kisha nikamweleza na mengine. Hakushtuka. Aliendelea kutandaza maharage kwa kiganja, akauliza, "Alikuwa na afya?"

"Alikuwa na afya, mama. Ila alikuwa na huzuni."

"Kwako amekuja," akasema. "Kwangu hajaja hata mara moja."

Nilikaa naye mpaka maharage yakaisha kutandazwa.

Tangu siku ile sipimi waya peke yangu. Kama mteja hana mtu wa kusimama upande mwingine, naahirisha. Nawe unayenisikiliza, fanya utakavyo, amini au usiamini. Lakini kabla hujamwita tapeli fundi asiyeweza kukujibu, sogeza kabati lako kwanza uangalie chini. Wapo wanaosikia. Na siku wakija, hawaji kwako uliyewatukana. Wanakuja kwa mtu asiye na kosa, na huyo ndiye anayebaki na jambo hilo maisha yake yote.