Geuza Kile Kioo

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ingawa sijui kama nitaieleza sawasawa, maana shule yangu iliishia cheti cha fundi. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Uthiru, kazi yangu kuendesha hadubini ya sindano kwenye maabara moja huko Westlands, Nairobi. Hadubini hiyo haitazami, inapapasa. Sindano hupita juu ya kitu, kompyuta ikachora kila bonde na kilima.

Akinyi, mwanafunzi wa shahada, alikuwa amepaka kioo utando wa rangi ya kunasa mwanga wa jua, mwembamba kuliko utando wa maziwa, wenye safu za vitone visivyoonekana kwa macho. Kila picha ilionyesha kitone na pacha wake mdogo upande wa kulia. Juu ya pacha hao alishaandika sura nzima ya tasnifu yake, na Jumatatu alikuwa anapeleka kazi.

"Woi, Barasa! Vitone vyangu vimezaa! Leo chai ni juu yangu," akaniita.

Mwalimu wake, Bi Zuhura, mama wa Mombasa, akavaa miwani. "Kioo mmekigeuza?"

"Mwalimu, mashine haidanganyi," nikajibu, kifua mbele.

"Mashine haijui uongo wala kweli, baba. Yapapasa tu. Kigeuze."

Nikakizungusha robo duara, nikapapasa tena. Safu zikageuka pamoja na kioo. Pacha wakabaki kulia, palepale. Kumbe hawakuwa wa rangi, walikuwa wa sindano: ncha ilimeguka ikawa mbili, kila kitone kikawa kinaguswa mara mbili.

Bi Zuhura akamkemea Akinyi mbele ya wenzake. Kusema haki, hilo silipendi hadi leo, kwani sindano haikuvunjwa naye. Lakini angenyamaza, uongo ungepigwa muhuri.

Akinyi alilia kidogo, akajifuta. "Aki Barasa, weka sindano mpya. Jumatatu ipite tu. Tunaanza kioo cha kwanza."

Tukapapasa vyote upya. Sura ya pacha akaitupa. Vitone vikabaki, na kazi yake, ingawa ilipungua, ikasimama.

Kupotea njia ndiko kujua njia, mwanangu. Ukiona kile ulichotamani kukiona, usishangilie kwanza: geuza kioo. Kinachogeuka nacho ni chake. Kinachobaki palepale kimetoka kwako, kitupe, hata kama umeshakiandikia sura. Kisha anza tena.

Mungu akupe mkono usiochoka kugeuza, na mtu wa kukuuliza kama umegeuza.