Fundi wa Ua Aliyeacha Upande Mmoja Wazi

Saa tatu asubuhi, Zedekiah Kisia anatoa penseli nyuma ya sikio na kuinamia karatasi yenye nukta na namba. Utadhani yuko kazini. La, yuko kwenye kliniki moja ya Upper Hill, na karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama atarudi kazini.

Zedekiah, 46, ni fundi wa ua. Kwa miaka kumi na tisa amezungushia seng'enge nyumba za Uthiru. Miezi saba iliyopita alianguka kutoka juu ya ukuta, akaumia kichwa. Tangu hapo tajiri wake hataki apande ngazi bila barua ya kliniki.

"Nakaa tu kwa nyumba kama kuku ameatamia," anasema. "Mama Ivyne ndiye anauza mandazi, ndiye analipa nyumba. Unasikia aibu, wacha tu."

Mhudumu wake wa tiba hapo kliniki, Veronicah Masila, alimpa fumbo la kitanzi ili aipime akili yake. Unaunganisha nukta kwa mstari; namba inaonyesha ni pande ngapi za kijumba chake, ule mraba wa nukta nne unaoizunguka, zinazopitiwa na mstari. Mstari wenyewe ni mmoja: haujikati, na lazima uzunguke hadi ulipoanzia.

Wiki mbili za kwanza alitoka jasho bure. Ya tatu akaanza kuzipata namba zote, ila kila mara aliacha upande mmoja wazi, pale pasipo na namba ya kumkataza. Veronicah akaandika kwenye faili: anasahau kumaliza. Maskini Zedekiah, hata hakuambiwa.

Aliyefumbua ni mkewe Philister, huyo Mama Ivyne. Siku aliyomsindikiza alizitazama karatasi nne, akaangua kicheko mpaka mlinzi akachungulia.

"Daktari, huyu hajasahau kitu! Si anaacha geti? Ona, zote ziko huku chini, upande wa barabara!"

Zedekiah alishangaa hata kuulizwa. "Sasa ua bila geti, mwenye nyumba ataingilia wapi? Aruke?"

Kuuliza si ujinga, na Veronicah anakiri hakuuliza. "Nilikuwa karibu kumwandikia akae nyumbani miezi sita zaidi," anasema. "Niliona haya sana." Maneno yale ya kwenye faili aliyakata kwa kalamu nyekundu.

Leo mstari umebakiza upande mmoja. Penseli inasimama. Philister, aliyeketi kando yake, anauma mdomo.

"Funga, Baba Ivyne. Hapo hakuna mtu anaishi."

Zedekiah anaguna, anafunga. Veronicah anafuata mstari kwa kidole mara mbili, kisha anavuta karatasi ya barua na kuanza kuandika. Philister anajifuta macho kwa leso.

Kazi ya kwanza inamngoja Uthiru: ua wa shule ya chekechea, mita 120. Ameshaupanga kichwani.

"Nitaanza na geti," anasema. "Mtu asije akasema nimesahau."