Mwenye Eneo

Mastura Mudathir, mshona madera wa kijiji jirani na Tongoni, alikwenda ofisi ya ushirika wa umeme wa jua akiwa na hakika ya jambo moja tu: nyumba ni yake. Aliijenga kwa pesa ya sindano. Sasa miguu ilikuwa imechoka kukanyaga cherehani, na mota ya kuiendesha aliyonunuliwa na mwanawe ilikuwa bado ndani ya boksi. Umeme hupewa mwanachama tu.

"Shikamoo, mama," alisema Ayubu, karani. "Wewe ni mmiliki wa eneo?"

"Marahaba. Nina nyumba."

"Na ardhi?"

"Ya mzee Abdulghani. Marehemu mume wangu aliomba pa kujenga, akapewa."

"Na ile minazi ya uani?"

"Ya wifi yangu Samiha. Kwani minazi nayo inataka umeme?"

Foleni ikaangua kicheko.

Huku kwetu ardhi huwa ya huyu, mnazi wa yule, nyumba ya mwingine, na watu wakaishi kwa amani miaka yote. Aliyeandika kanuni ya uanachama hakuuliza. Aliandika "mmiliki wa eneo" akadhani amemaliza kazi. Dhuluma nyingi huanza hivyo, kwa neno la mtu asiyewajua anaowaandikia.

Mastura akamwendea mzee Abdulghani.

"Mwanangu, mimi nimeshajiunga," alisema mzee. "Mtu mmoja, mita moja. Nikijiandikisha na kwako, kwangu nikae gizani?"

"Basi niuzie pale iliposimama nyumba, pamoja na ua wake."

"Nikuuzie, halafu minazi ya Samiha iwe imesimama kwa nani?"

Mastura akarudi ofisini kichwa kikimzunguka.

"Labda wifi yako ndiye ajiunge," Ayubu alijaribu.

"Mita mkaifunge mnazini? Hebu niambie, baba, waya mnaufunga wapi? Ardhini?"

"Ukutani."

"Ukuta wa nani?"

"Wako."

"Basi mwenye eneo nani?"

Ayubu aliisoma kanuni upya, akageuza karatasi kuona kama nyuma pana jibu. Palikuwa peupe. Akakuna kichwa, kisha kwenye kadi ya uanachama, penye "mmiliki wa eneo", akaandika: *Mastura Mudathir, ukuta.* Akagonga muhuri.

Mastura aliipokea kadi, akaisoma.

"Sasa mwanachama ni mimi, au ukuta?"

"Hata mimi sijui, mama. Fundi anakuja Jumatatu. Muwepo wote wawili."